Shuka Letu Limefumwa na Nani?

Msimu uliopita wa ununuzi wa pamba, mwandishi wa maoni haya alikuwa katika kijiji kimoja cha Usukumani kwa kazi ya Chama. Siku ya pili ya ziara mkutano haukufanyika, kwa sababu ya msiba. Mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, mkulima wa pamba tangu ujana wake, alikuwa amefariki usiku. Wanaume walichukua majembe kwenda kuchimba kaburi, wanawake wakaenda kuteka maji na kuwasha moto, na sisi wageni tukapewa kazi nyepesi ya kwenda dukani kununua sanda.

Mwenye duka alishusha jora la bafta, akalikunjua juu ya meza na kupima. Kwenye ukingo wa nguo palikuwa na muhuri wa kiwanda, na muhuri ule ulikuwa wa nchi ya ng'ambo. Tulilipa, tukatoka. Ng'ambo ya barabara lilikuwapo ghala la chama cha ushirika, na pamba ilikuwa imejaa mpaka mlangoni ikingoja lori. Kati ya jora lile na pamba ile hapakuwa na hatua hamsini kwa mguu.

Hapana mtu aliyeona ajabu. Hata sisi tulipita tu. Lakini jioni, baada ya mazishi, tulipokuwa tumekaa uani, kijana mmoja aliuliza kwa heshima: "Ndugu Katibu, marehemu amelima pamba zaidi ya miaka arobaini. Je, hakustahili kuzikwa kwa pamba yake?"

Swali hilo hatukulijibu usiku ule. Twajaribu kulijibu leo.

Ndugu wanachama, huenda mtu akasema kwamba nguo ni jambo la mafundi cherehani, na kwamba gazeti la Chama lina mambo makubwa zaidi ya kuandika. Mtu huyo amekosea. Tangu mtoto anapopokelewa kwa khanga mpaka siku anapovikwa sanda, binadamu haachani na nguo ya pamba. Hulalia shuka, hujifunika shuka, huvaa sare ya shule, hufungwa jeraha kwa kitambaa hospitalini. Taifa lenye pamba ghalani ambalo hununua nguo hizo kwa wengine ni taifa linaloishi kwa kuazima. Na wazee wetu walikwisha sema: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Nguo tunayoizungumzia si hariri wala zari. Ni ile nguo ya kawaida ya pamba iliyofumwa kwa kubana: nyuzi za mtande zimenyooshwa, na uzi wa mshindio unapita juu ya mmoja na chini ya mmoja, tena na tena mpaka mwisho wa jora. Ni mfumo ulio rahisi kuliko yote, na hauna siri ndani yake. Nguo hiyo ikiwa nyepesi na imepaushwa, ndiyo bafta. Ikiwa nzito na haijapaushwa, babu zetu waliiita merikani. Ikikatwa na kushonwa pindo, ni shuka la kitanda.

TULIJUA KUFUMA

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Tulifundishwa kwamba Mwafrika alikuwa akijistiri kwa majani na ngozi mpaka mgeni alipomletea nguo. Si kweli. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa katika mji ule zilipelekwa mpaka Misri. Kilwa Kisiwani, wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua vigurudumu vidogo vilivyotumiwa kusokotea uzi wa pamba. Huko bara, wasafiri wa karne ya 19 waliwakuta Wafipa wakifuma nguo nzito za pamba kwa mikono yao. Waganda nao walikuwa na mavazi yao ya gome la mti.

Kwa hiyo mikono ilikuwapo, na ujuzi ulikuwapo. Yafaa tujiulize ulipotelea wapi.

MERIKANI

Mwaka 1833, Sayyid Said wa Unguja na Oman alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani. Mwaka 1837 alifika Unguja konseli wa kwanza wa Kimarekani, Richard Waters, mfanyabiashara wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts. Merikebu za Salem zilileta nguo nzito ya pamba, isiyopaushwa, iliyofumwa kwa mashine katika viwanda vya jimbo lile. Zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Nguo hiyo ilikuwa imara, ilikuwa rahisi, na watu wa pwani na wa bara waliipenda. Wakaiita kwa jina la kwao ilikotoka: merikani.

Nguo ile haikuwa vazi tu. Ilikuwa fedha. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ulibeba majora mabegani mwa wapagazi, na safari nzima ililipwa kwa nguo: chakula, hongo kwa watemi, na ujira wa wapagazi wenyewe. Vipimo vyake tunavyo mpaka leo katika lugha yetu. Mkono ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka moja. Mashuka mawili yalikuwa doti. Ndiyo kusema, neno hili shuka, ambalo leo kila mama hulitandika kitandani, lilikuwa kama noti mfukoni mwa mfanyabiashara.

Sasa tazameni jinsi biashara hiyo ilivyokuwa. Pamba iliyosokotwa Massachusetts ililimwa katika majimbo ya kusini ya Marekani na watumwa, watu waliotolewa Afrika au wazao wao. Nguo iliyofumwa kwa pamba hiyo ililetwa Unguja, ikapelekwa bara kununulia pembe za ndovu, na mara nyingine kununulia binadamu. Pembe zikapelekwa Marekani zikawa vitana na vibonye vya piano. Mwafrika wa ng'ambo ile aliilima pamba bila ujira, na Mwafrika wa upande huu aliilipia nguo kwa pembe na kwa mabega yake. Aliyekaa katikati, mwenye mashine, ndiye aliyetajirika.

Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vikavikosesha viwanda pamba, na merikani ikaadimika Unguja. Je, nafasi ile ilijazwa na mfumaji wetu? La. Ilijazwa na viwanda vya Uingereza, kisha vya Bombay, ambako kiwanda cha kwanza cha kusokota pamba kwa mvuke kiliasisiwa mwaka 1854. Jina la merikani likabaki dukani hata nguo ilipokuwa haitoki tena Marekani. Wenye kuuza walibadilishana zamu wao kwa wao. Sisi tulibaki wanunuzi kila zamu.

MWAKA 1905

Kuna mwaka mmoja ambao kila mwanachama apaswa kuukumbuka, nao ni 1905.

Tangu mwaka 1902 Wajerumani walikuwa wamewalazimisha watu wa kusini na wa pwani kulima mashamba ya pamba ya jumla, chini ya maakida na majumbe, kwa malipo madogo sana hata wengine wakakataa kuyapokea. Mwishoni mwa Julai 1905, Umatumbini, watu waling'oa mashina ya pamba. Hiyo ilikuwa alama ya kuanza kwa Vita vya Maji Maji. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile Ngwale. Vita vikaenea mpaka Songea na Mahenge, vikaendelea mpaka 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Wako wanahistoria wanaohesabu waliokufa kuwa zaidi ya 200,000.

Siku chache tu baada ya pamba kung'olewa Umatumbini, tarehe 7 Agosti 1905, mkutano mkubwa ulifanyika mjini Calcutta katika Bara Hindi. Watu wa Bengal waliazimia kususia bidhaa za Kiingereza, na kwanza kabisa nguo za Manchester. Mahali pengine nguo hizo zilichomwa moto hadharani. Baadaye Gandhi alilichukua jambo hilo akalifanya kazi ya kila nyumba: soka uzi wako, fuma nguo yako, vaa ulichofuma.

Wamatumbi hawakujua habari za Calcutta, na watu wa Calcutta hawakujua habari za Umatumbi. Lakini ilikuwa kamba moja, na kila mmoja alikuwa ameshika ncha yake. Hawa walikataa kulima pamba ya bwana. Wale walikataa kununua nguo ya bwana. Bara Hindi lilipopata uhuru mwaka 1947 lilikuwa na viwanda vyake vya nguo, vikubwa na vingi. Sisi tulipopata uhuru mwaka 1961, tulikuwa na pamba.

USHINDI WA MIZANI

Tusiseme kwamba wazee wetu hawakufanya kitu. Walifanya, tena kwa ujasiri. Baada ya vita vya pili vya dunia, mkulima wa Usukuma alikuwa akiuza pamba kwa mnunuzi mwenye mizani yake mwenyewe, na mizani ile ilisema alichotaka mwenyewe. Wakulima wakaungana, wakaweka watu wao wa kuangalia mizani. Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaunganishwa katika shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, likiongozwa na Paul Bomani. Kumbukeni kwamba kati ya mwaka 1954 na 1958 serikali ya kikoloni ilizuia TANU isifungue matawi Usukumani. Mkulima wa pamba alijifunza umoja penye mizani kabla hajaruhusiwa kuusikia jukwaani. Shirikisho hilo likawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika, likaanza kumiliki vinu vyake lenyewe vya kuchambua pamba.

Na jirani zetu wa Buganda nao, katika machafuko ya mwaka 1949, moja ya madai yao lilikuwa kwamba wakulima wachambue pamba yao wenyewe na kuiuza wenyewe.

Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini tuutazame vizuri. Tulishinda penye mizani. Tukashinda penye kinu cha kuchambua. Penye kusokota na kufuma, ambapo ndipo pesa ilipo, tulikuwa bado hatujafika.

VIWANDA VYETU

Baada ya Uhuru tulijaribu kufika. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo, Dar es Salaam, kikiwa kimejengwa kwa msaada wa China. Mwanza ikapata Mwatex, Musoma ikapata Mutex. Wenzetu wa Uganda walikuwa na kiwanda cha Jinja tangu miaka ya 1950, na wa Kenya wakawa na viwanda Kisumu na Eldoret. Kwa muda fulani mtoto wa shule aliweza kuvaa shati lililolimwa, kusokotwa, kufumwa na kushonwa katika nchi yake.

Kisha mambo yakaharibika. Tusidanganyane, na tusimtupie mkoloni lawama zote, maana mkoloni hakuwa meneja wa viwanda hivyo. Fedha za kigeni zilikosekana, na bila fedha za kigeni vipuri havikuja. Umeme ulikatika, maji yakakatika. Na wako baadhi yetu waliofanya mali ya umma shamba la bibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo ziliadimika hata watu wakapanga foleni kwa doti moja ya khanga, na wazee watawaambieni habari za misiba iliyohangaika kutafuta sanda. Katika nchi ya pamba!

Milango ya biashara ilipofunguliwa, nguo zilikuja kwa wingi, na mitumba ikaja kwa wingi zaidi. Viwanda vilivyokuwa vikichechemea vikaanguka, na wafanyakazi wakarudi nyumbani na ujuzi wao mikononi.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana kuipunguza mitumba hatua kwa hatua mpaka iishe. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Mwaka 2017 Marekani ikaanza kuzipima upya nchi zetu, kama bado zastahili nafuu ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zikalegeza kamba. Rwanda haikulegeza, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Kutoka mkataba wa Sayyid Said mpaka siku hiyo ni miaka 185. Aliyekuja kutuuzia nguo mpya alirudi kututaka tununue nguo aliyokwisha kuivaa.

HESABU YA SHUKA MOJA

Sasa tufanye hesabu, maana mtu anayedhulumiwa bila kujua hesabu hawezi kujitetea. Chukua kalamu.

Shuka la kitanda lenye urefu wa mita 2.5 na upana wa mita 1.5 lina uzito wa karibu nusu kilo. Kama huamini, lipeleke kwenye mizani ya duka. Katika kusokota, sehemu ya pamba hupotea kwa vumbi na nyuzi fupi. Kwa hiyo shuka hilo lahitaji nyuzi zaidi kidogo ya nusu kilo. Na mkulima ajua kwamba pamba anayoiuza si nyuzi tupu, ina mbegu. Katika kilo 100 za pamba mbegu, nyuzi ni kilo 35 mpaka 40 tu. Basi shuka moja latoka katika kilo moja na nusu mpaka kilo mbili za pamba iliyotoka shambani kwako.

Andika bei uliyolipwa msimu huu kwa kilo mbili. Chini yake andika bei ya shuka jipya la pamba dukani. Toa ile ndogo katika ile kubwa.

Hiyo tofauti ndiyo maoni yetu ya leo. Ndani ya tofauti hiyo wamo msokotaji, mfumaji, mpaushaji, mkataji na mshonaji. Yumo fundi wa mashine, dereva, mpishi wa kantini na mtoto wa kila mmoja wao. Wewe umepata malipo ya kupanda, kupalilia, kupiga dawa na kuchuma kwa vidole. Malipo mengine yote yamekwenda mahali ambapo pamba imesokotwa. Na sehemu kubwa ya pamba yetu, Ndugu, haisokotwi hapa.

NENO KWA WENYE SHAKA

Twajua majibu yatakayokuja. Mtu atasema: mitumba imewavika maskini, mwataka wananchi watembee uchi? Hatutaki. Hatuwatukani mama zetu wauzao mitumba sokoni. Wanatafuta riziki kwa jasho, nao ni wanachama wenzetu. Kuifunga mitumba kesho asubuhi, hali viwanda havipo, ni kumvua mtu shati kabla hujamshonea jingine. Mwaka 2016 kosa halikuwa katika shabaha. Kosa lilikuwa kutaka kufunga mlango kabla ya kuwasha mashine.

Mwingine atasema: hatuwezi kushindana na viwanda vya ng'ambo, vyao ni vikubwa na nguo yao ni rahisi. Kweli, leo hatuwezi kushindana katika kila kitu. Lakini ziko nguo ambazo hazinunuliwi na mtu mmoja mmoja sokoni. Zanunuliwa na sisi sote kwa kodi yetu. Mashuka ya hospitali. Mashuka ya mabweni ya shule na vyuo. Sare za jeshi, polisi na magereza. Vitambaa vya kufungia majeraha. Zote hizi ni nguo zile zile rahisi tulizozieleza, uzi juu ya mmoja na chini ya mmoja. Hapa mnunuzi ni mmoja, naye ni Serikali yetu wenyewe. Kama hata huyo hatununulii, tutamlaumu nani?

Wa tatu atasema: viwanda vilikwisha kufa, na kilichokufa hakifufuki. Huyo aende Eldoret. Kiwanda cha Rivatex kilikuwa kimefungwa. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua, na mwaka 2019 kikafunguliwa tena kikiwa na mashine mpya. Hatusemi kwamba huko mambo yote ni asali. Twasema kwamba mlango uliofungwa unaweza kufunguliwa.

TUNALOTAKA

Basi sisi twasema hivi.

Kwanza, Serikali iweke amri kwamba nguo zote zinazonunuliwa kwa fedha za umma ziwe za pamba ya nchi hii, iliyosokotwa na kufumwa katika nchi hii, kwa hatua na kwa muda uliotajwa. Ianze na mashuka ya hospitali. Na ilipe kwa wakati. Kiwanda kinachouza kwa Serikali na kulipwa baada ya mwaka mmoja hakiwezi kuishi. Kitakuwa kimeuawa na mteja wake mwenyewe.

Pili, vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba vipewe nafasi ya kumiliki hisa katika viwanda vya kusokota. Wazee wetu hawakungoja mtu awape mizani, walikwenda kuisimamia. Hatutaki viwanda virudi kuwa mali ya kila mtu, maana mali ya kila mtu tuliiona ikigeuka mali ya wachache. Mkulima mwenye hisa atauliza hesabu, kama babu yake alivyouliza uzito.

Tatu, umeme na maji ya viwanda vya nguo vipewe kipaumbele. Mashine ya kufuma ikisimama ghafla uzi waweza kukatika, na nguo ikaingia kasoro. Hakuna uzalendo unaoweza kuunga uzi huo.

Nne, na hili ndilo gumu, tuanze na sisi wenyewe. Wakati wa uchaguzi Chama chetu hugawa fulana, kofia na khanga kwa maelfu. Ndugu Makatibu, ingieni stoo za wilaya zenu, msome alama zilizoshonwa shingoni mwa fulana hizo. Tunasimama jukwaani tukiimba kujitegemea, na kujitegemea kwenyewe kumeandikwa kifuani mwa nguo iliyofumwa kwa watu. Hatutaji jina la mtu, maana kosa ni letu sote, na mwandishi wa maoni haya ana fulana mbili za namna hiyo nyumbani. Twataka Halmashauri Kuu iamue kwamba nguo yenye alama ya Chama iwe ya pamba yetu na ya mfumo wetu. Ikiwa ni ghali zaidi, tununue chache. Mwanachama wa kweli hahitaji kununuliwa kwa fulana.

Kila tawi lifanye jambo moja kabla ya mkutano ujao. Mjumbe mmoja apewe kazi ya kwenda katika zahanati ya kata na katika bweni la shule iliyo karibu, aulize mashuka yao yametoka wapi, yalinunuliwa lini na kwa bei gani. Alete jibu kwa maandishi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Majibu hayo yatumwe katika ofisi ya gazeti hili, nasi tutayachapa, kata kwa kata, mpaka wahusika wachoke kusoma majina ya kata zao.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nguo nzuri ya ng'ambo haikushuka kutoka mbinguni. Iliundwa na watu walioamua, wakawekeza, wakakosea, wakasahihisha, wakaendelea. Sisi tuliamua, tukakosea, tukaacha. Tofauti ni hiyo tu.

Sasa turudi kwa yule kijana. Alituuliza kama Mzee hakustahili kuzikwa kwa pamba yake. Jibu ni kwamba alistahili. Alistahili pia kuilalia pamba hiyo akiwa hai, alipougua na kulazwa, na watoto wake walistahili kuivaa kwenda shule. Deni hilo kwake hatuwezi kulilipa tena. Lakini kijana aliyeuliza yu hai, na msimu ujao atapanda. Pamba ile italala ghalani, ng'ambo ya barabara kutoka dukani. Kazi yetu ni kuzifupisha zile hatua hamsini.

Uhuru na Kazi.